Marie Curie

Marie Curie (jina la kuzaliwa Maria Salomea Skłodowska, Warszawa, 7 Novemba 1867 – Passy, Ufaransa, 4 Julai 1934) alikuwa mwanafizikia na mwanakemia kutoka Polandi aliyefanya kazi yake karibu yote nchini Ufaransa. Pamoja na mumewe Pierre Curie aligundua elementi mbili, poloni na radi. (Radi inayotajwa katika makala hii ni elementi ya kikemia, si radi ya mvua.) Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, mtu wa kwanza kuipata mara mbili, na hadi leo ndiye mtu pekee aliyeipata katika sayansi mbili tofauti, yaani fizikia mwaka 1903 na kemia mwaka 1911.

Wengi humkumbuka kwa ugunduzi wa radi. Sehemu nyingine ya maisha yake, isiyosimuliwa mara nyingi, ni ile ya vifaa: namna alivyounda na kuendesha mitambo ya eksirei karibu na uwanja wa vita, na mitambo ya kukamata gesi nururifu na kuifungia katika vioo vidogo kwa matumizi ya hospitali. Kazi hiyo iliokoa wengi. Ilifanyika pia kabla dunia haijajua vema namna ya kumkinga anayeifanya, na yeye mwenyewe alilipa gharama yake.

Utoto na elimu nchini Polandi

Maria alikuwa mtoto wa tano na wa mwisho wa walimu wawili. Baba yake, Władysław Skłodowski, alifundisha hisabati na fizikia. Mama yake, Bronisława, aliongoza shule ya bweni ya wasichana. Wakati huo Warszawa ilikuwa chini ya Dola la Urusi, na serikali ilibana ufundishaji wa lugha na historia ya Kipolandi shuleni. Dada yake mkubwa Zofia alifariki kwa homa ya taifasi, na mwaka 1878 mama yake akafariki kwa kifua kikuu, Maria akiwa na umri wa miaka 10.

Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1883 akiwa na medali ya dhahabu. Chuo Kikuu cha Warszawa hakikupokea wanawake, kwa hiyo yeye na dada yake Bronisława walijiunga na masomo ya siri yaliyojulikana kama Chuo Kinachoruka, kwa sababu madarasa yalihamahama kutoka nyumba moja hadi nyingine ili yasigunduliwe na polisi.

Madada hao wawili waliwekeana ahadi. Maria angefanya kazi ya kufundisha watoto wa matajiri majumbani na kumlipia Bronisława masomo ya udaktari Paris. Kisha Bronisława naye angemsaidia Maria. Ahadi hiyo ilimchukua Maria miaka kadhaa ya kazi vijijini na mjini. Mwishoni mwa mwaka 1891 aliweza kupanda treni kwenda Paris.

Masomo Paris na ndoa

Katika Chuo Kikuu cha Sorbonne alijiandikisha kwa jina la Kifaransa, Marie. Aliishi katika vyumba vya juu vya nyumba za kupanga, bila moto wa kutosha wakati wa baridi, akila kidogo. Mwaka 1893 alipata shahada ya fizikia akiwa wa kwanza katika kundi lake, na mwaka 1894 shahada ya hisabati akiwa wa pili.

Mwaka huohuo wa 1894, akitafuta nafasi ya maabara kwa utafiti kuhusu sumaku na vyuma, alifahamiana na Pierre Curie, mwalimu katika Shule ya Fizikia na Kemia ya Viwanda ya mji wa Paris. Walioana tarehe 26 Julai 1895 huko Sceaux. Walipata mabinti wawili: Irène (1897) na Ève (1904).

Ugunduzi wa unururifu

Mwishoni mwa mwaka 1895 Wilhelm Conrad Röntgen wa Ujerumani aligundua eksirei. Miezi michache baadaye, mwaka 1896, Henri Becquerel wa Paris aliona kwamba chumvi za urani hutoa zenyewe mionzi inayopenya karatasi nyeusi na kuathiri sahani ya picha. Wanasayansi wengi walikimbilia eksirei. Mionzi ya urani ilibaki kama yatima. Marie aliichagua iwe mada ya tasnifu yake ya udaktari.

Hakutumia sahani za picha. Alitumia sifa moja ya mionzi hiyo: inapopita katika gesi, kwa mfano hewa ya kawaida, huifanya ipitishe umeme. Chombo chake kilikuwa na sahani mbili za chuma zilizotenganishwa kwa sentimita chache. Juu ya sahani ya chini alitandaza unga wa madini, kisha akapima mkondo mdogo mno wa umeme uliovuka hewa kati ya sahani hizo. Kipimo kilitegemea fuwele ya kwazi, kifaa kilichobuniwa na Pierre na kaka yake Jacques. Hivyo nguvu ya mionzi ikawa namba inayoweza kulinganishwa na nyingine.

Kwa njia hiyo aliona mambo mawili. Kwanza, thori nayo hutoa mionzi. Pili, madini ya urani yaitwayo pechiblendi yalikuwa na nguvu kuliko urani safi iliyomo ndani yake. Maelezo yaliyobaki yalikuwa kwamba madini hayo yana elementi nyingine isiyojulikana. Pierre aliacha utafiti wake akaungana naye. Julai 1898 walitangaza poloni, iliyopewa jina la nchi ya Marie ambayo wakati huo haikuwepo kwenye ramani. Desemba 1898, pamoja na Gustave Bémont, wakatangaza radi. Katika maandishi ya mwaka huo ndipo neno la unururifu lilipoanza kutumika.

Banda la mtaa wa Lhomond

Wanakemia walitaka kuiona elementi yenyewe na kuipima uzito wa atomi. Ili kupata radi kidogo ilibidi kusafisha tani kadhaa za masalio ya pechiblendi kutoka machimbo ya Joachimsthal, ambayo wakati huo yalikuwa ndani ya Austria. Shule iliwapa banda la zamani katika mtaa wa Lhomond, lenye paa la vioo lililovuja mvua.

Hapo ndipo hatari ya gesi ilipoingia katika maisha yake. Kutenganisha metali zilizomo katika madini hayo kulihitaji asidi kali zilizochemshwa na gesi ya sulfidi ya hidrojeni, ambayo inanuka kama yai viza na ni sumu. Banda halikuwa na dohani ya kuvutia gesi hizo nje. Hali ya hewa ilipokuwa nzuri Marie alifanya kazi uani, akikoroga vyungu vikubwa kwa fimbo ya chuma. Mvua iliponyesha alirudi ndani na kuacha madirisha wazi.

Mwaka 1902 alipata desigramu moja ya kloridi ya radi, akakadiria uzito wa atomi kuwa 225. Juni 1903 alitetea tasnifu yake. Desemba mwaka huo Tuzo ya Nobel ya fizikia ilitolewa kwa Becquerel, Pierre na Marie. Pendekezo la mwanzo kutoka Ufaransa lilikuwa limeacha jina la Marie. Liliingizwa baada ya Pierre kusisitiza kwamba kazi ilikuwa ya wote wawili.

Akina Curie hawakuchukua hataza juu ya njia ya kusafisha radi. Waliieleza wazi kwa yeyote aliyeuliza.

Gesi itokayo katika radi

Radi huvunjika na kutoa gesi, ambayo nayo ni nururifu. Ernest Rutherford aliona gesi ya namna hiyo ikitoka kwenye thori, na mwaka 1900 Friedrich Ernst Dorn akaiona ikitoka kwenye radi. Wakati huo iliitwa mtokeo wa radi. Leo inaitwa radoni. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na nusumaisha yake ni siku 3.8, yaani baada ya siku karibu nne nusu yake imeshageuka.

Hatari ya radoni si gesi yenyewe tu. Inapovunjika huacha chembe za vitu vingine nururifu vinavyong'ang'ania vumbi, nguo, kuta na mapafu. Akina Curie waligundua kwamba kila kitu katika maabara yao kilikuwa kimeanza kutoa mionzi, hata vipimo vyao vikaharibika.

Dalili za hatari zilionekana mapema. Becquerel aliungua ngozi kwa kubeba kichupa cha radi mfukoni. Pierre aliweka radi juu ya mkono wake kwa makusudi kwa saa kadhaa, akapata kidonda kilichochukua miezi kupona. Mwaka 1904 Pierre pamoja na madaktari Charles Bouchard na Victor Balthazard waliwaweka wanyama wadogo wa maabara katika chombo kilichofungwa chenye hewa iliyochanganywa na gesi hiyo, huku wakihakikisha kwamba oksijeni haipungui. Wanyama walikufa, na mapafu yao yalionekana kuathirika. Hivyo ilijulikana tangu mwaka 1904 kwamba gesi hiyo huua ikivutwa kwa wingi. Jambo ambalo halikueleweka ni madhara ya kiasi kidogo kinachorudiwa kila siku kwa miaka.

Kufiwa, uprofesa na tuzo ya pili

Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi katika mtaa wa Dauphine, Paris, akafariki papo hapo. Marie alibaki na watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Chuo kilimpa nafasi ya kufundisha somo la mumewe, na tarehe 5 Novemba 1906 akatoa mhadhara wake wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1908 akathibitishwa kuwa profesa.

Mwaka 1910, pamoja na André Debierne, alipata radi katika hali ya metali. Walipitisha umeme katika myeyuko wa chumvi ya radi hadi radi ikaungana na zebaki, kisha wakaipasha moto zebaki iondoke kama mvuke ndani ya hidrojeni safi. Hidrojeni ilihitajika kwa sababu radi huharibika mara ikutanapo na hewa. Lakini hidrojeni ikichanganyika na hewa hulipuka, na mvuke wa zebaki ni sumu. Jaribio la namna hiyo halivumilii uvujaji wowote.

Mwaka huohuo mkutano wa kimataifa wa Brussels ulikubali kipimo kiitwacho kyuri, ambacho mwanzoni kilikuwa kipimo cha gesi: kiasi cha radoni kilicho katika uwiano na gramu moja ya radi. Marie alikabidhiwa kazi ya kutengeneza kigezo cha kimataifa cha radi. Alikikamilisha mwaka 1911: miligramu 21.99 za kloridi ya radi zilizofungwa katika kichupa cha kioo.

Januari 1911 alishindwa kwa kura chache kuingia Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Baadaye mwaka huo magazeti yalimwandama kwa sababu ya uhusiano wake na mwanafizikia Paul Langevin, na watu wakaizingira nyumba yake. Katikati ya msukosuko huo alitangaziwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Alikwenda Stockholm kuipokea mwenyewe. Mara baada ya kurudi aliugua sana, akafanyiwa upasuaji wa figo mwaka 1912.

Magari ya eksirei

Jengo la Taasisi ya Radi mjini Paris lilikamilika mwaka 1914, na palepale Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaanza. Ni vita hiyohiyo iliyopiganwa Tanga mwaka 1914 na kufika milima ya Usambara mwaka 1916. Marie alichukua radi yote ya taasisi, iliyowekwa katika sanduku zito la risasi (metali ya plumbi), akaipeleka kwa treni hadi Bordeaux ili isitekwe, kisha akarudi Paris.

Aligundua kwamba askari waliojeruhiwa walikuwa wakikatwa viungo au kufa kwa sababu daktari hakujua risasi au kipande cha bomu kiko wapi. Mitambo ya eksirei ilikuwepo katika hospitali chache za mijini, mbali na mapigano. Alikusanya michango ya fedha na magari, akayageuza kuwa vituo vya eksirei vinavyotembea. Injini ya gari ilizungusha dinamo, dinamo ikatoa umeme wa kuendesha taa ya eksirei, na mapazia meusi yakageuza chumba chochote kuwa chumba cha giza. Aliandaa magari kama 20 na kusaidia kuweka vyumba vya eksirei kama 200 katika hospitali. Zaidi ya askari milioni moja walipimwa kwa mitambo hiyo.

Alijifunza anatomia, akajifunza kuendesha gari, na mara nyingi alikwenda mwenyewe pamoja na binti yake Irène, aliyekuwa na umri wa miaka 16 vita ilipoanza. Aliwafunza wanawake wapatao 150 kuendesha mitambo hiyo.

Taa nyingi za eksirei za wakati ule zilikuwa na gesi kidogo ndani yake. Kadiri taa ilivyotumika, kiasi cha gesi kilibadilika na nguvu ya mionzi ikabadilika nayo, kwa hiyo mwendeshaji alilazimika kuirekebisha kila mara akiwa karibu nayo. Taa mpya ya William Coolidge ya mwaka 1913, isiyotegemea gesi, iliondoa tatizo hilo lakini ilichelewa kuenea. Kinga ya mwendeshaji ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ya leo, na kazi ilifanywa kwa haraka, majeruhi mmoja baada ya mwingine.

Huduma ya radoni

Sehemu ya pili ya kazi yake ya vita ilihusu gesi. Madaktari walitaka kutibu uvimbe na makovu kwa mionzi ya radi, lakini radi ilikuwa adimu mno kutawanywa hospitalini, na ikipotea haipatikani tena. Marie aliiacha radi mahali pamoja penye usalama na kutuma gesi yake tu. Radoni ikitolewa leo, radi iliyobaki huzalisha nyingine, kama ng'ombe anayekamuliwa.

Kazi ilikuwa na hatua kadhaa, na kila hatua ilikuwa na hatari yake. Chumvi ya radi ilikaa katika maji ndani ya chupa iliyofungwa. Mionzi yake huyavunja maji kuwa hidrojeni na oksijeni, ambao ni mchanganyiko wa kulipuka, kwa hiyo radoni ilitoka ikiwa tone dogo ndani ya gesi nyingi za hatari. Pampu ya zebaki ilivuta mchanganyiko huo. Hidrojeni na oksijeni ziliondolewa kwa kuunganishwa tena kuwa maji. Unyevu na dioksidi ya kaboni vilinyonywa kwa kemikali. Radoni iliweza kugandishwa kwa baridi kali ya hewa iliyoyeyushwa ili gesi nyepesi zilizobaki zivutwe nje. Mwishowe ilisukumwa ndani ya mirija myembamba ya kioo, ambayo ilikatwa na kufungwa kwa moto katika vipande vyenye urefu wa sentimita kama moja. Vichupa hivyo viliingizwa ndani ya sindano za platini na kupelekwa hospitalini, vikatumika kabla ya nguvu yake kupungua.

Mwanzoni Marie alifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Kioo kikivunjika au kiungo kikivuja, hapana harufu ya kumwonya mtu. Aliyefunga mirija alikuwa mlangoni pa gesi hiyo kila siku. Yeye na wasaidizi wake walijihisi wachovu na wagonjwa nyakati ambapo kazi ilikuwa nyingi, na alipendekeza hewa safi na mapumziko kama dawa.

Usalama uliochelewa

Baada ya vita taasisi yake ilikua na kupokea watafiti kutoka nchi nyingi, wakiwemo wanawake wengi. Mwaka 1921 alisafiri Marekani, ambako rais Warren Harding alimkabidhi gramu moja ya radi yenye thamani ya dola 100,000 iliyonunuliwa kwa michango ya wanawake wa nchi hiyo. Safari ya pili, mwaka 1929, ilipata fedha za kununua radi kwa Taasisi ya Radi ya Warszawa, iliyofunguliwa mwaka 1932.

Miaka hiyohiyo habari mbaya ziliongezeka. Wapiga picha za eksirei walipoteza vidole na kufa kwa saratani. Nchini Marekani wasichana waliopaka rangi ya radi kwenye nyuso za saa, wakilainisha brashi kwa midomo, walipata maradhi ya mifupa na damu. Ufaransa nako walikufa watu waliotayarisha vitu nururifu kwa ajili ya hospitali. Katika taasisi ya Marie damu ya wafanyakazi ilipimwa, ngao za risasi ziliwekwa, na watu wakatakiwa kutumia koleo badala ya vidole. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuzifuata kanuni hizo kwa ukali uleule aliowataka wengine wazifuate, na kwa muda mrefu alisita kukubali kwamba radi ndiyo chanzo cha udhaifu wake. Vidole vyake vilikuwa na makovu, na mtoto wa jicho ulimlazimu kufanyiwa upasuaji mara kadhaa.

Mwaka 1928 mkutano wa kimataifa wa radiolojia mjini Stockholm uliunda kamati ya kinga dhidi ya eksirei na radi. Kamati hiyo ndiyo mzazi wa tume ya kimataifa ambayo hadi leo hupendekeza viwango vya kinga kwa nchi zote.

Uhusiano na Afrika ya Mashariki na Kongo

Historia ya radi haikuishia Ulaya. Mwaka 1906 mwanakemia Mjerumani Willy Marckwald alichunguza madini ya urani kutoka milima ya Uluguru karibu na Morogoro, ndani ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, eneo linalojulikana kwa miamba yenye ulanga. Alitambua humo aina mpya ya madini, akaipa jina la rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Marckwald huyohuyo alikuwa ametangaza mwaka 1902 elementi aliyodhani ni mpya. Marie alipima nusumaisha yake na kuonyesha kwamba ilikuwa poloni iliyokwisha kugunduliwa, na Marckwald akakubali.

Mwaka 1915 madini ya urani yenye utajiri mkubwa yaligunduliwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo ya Kibelgiji, nchi ambako Kiswahili ni lugha ya machimboni na mitaani. Kuanzia mwaka 1922 kampuni ya Union Minière ilisafirisha madini hayo hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Bei ya radi duniani ikashuka, na wazalishaji wa Marekani wakashindwa kushindana. Hivyo sehemu kubwa ya radi iliyotumika hospitalini Ulaya katika miaka ya mwisho ya Marie ilichimbwa kwa jasho la Wakongo, ambao majina yao hayamo katika vitabu vya sayansi.

Radoni nayo si jambo la maabara tu. Hutoka polepole katika kila mwamba wenye chembe za urani, ikiwemo miamba ya kale ya milima kama Usambara na Uluguru. Nje husambaa hewani bila madhara makubwa. Hatari huja inapokusanyika mahali pasipo na hewa ya kutosha, hasa migodini na katika vyumba vilivyofungwa vya chini ya ardhi.

Kifo na uchunguzi wa baadaye

Mwanzoni mwa mwaka 1934 Marie aliwahi kuona ushindi wa mwisho: Irène na mumewe Frédéric Joliot waligundua unururifu wa kutengenezwa na binadamu. Miezi michache baadaye homa na udhaifu vilimlaza. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 katika sanatoria ya Sancellemoz, Passy, kwa upungufu mkali wa damu uliotokana na uboho kushindwa kutengeneza chembe za damu. Alizikwa Sceaux kando ya Pierre.

Tarehe 20 Aprili 1995 mabaki yao yalihamishiwa Panthéon mjini Paris. Marie alikuwa mwanamke wa kwanza kuzikwa humo kwa mafanikio yake mwenyewe. Kabla ya kuhamishwa, wataalamu wa kinga ya mionzi walipima jeneza lake na kukuta kiwango cha radi kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo walidokeza kwamba maradhi yake huenda yalisababishwa zaidi na eksirei za miaka ya vita kuliko radi yenyewe.

Madaftari yake ya maabara bado yana unururifu na huhifadhiwa katika masanduku yenye risasi. Nusumaisha ya radi ni miaka 1,600 hivi, kwa hiyo hali hiyo haitabadilika hivi karibuni.

Urithi

Kati ya watu wa familia yake, Irène na Frédéric Joliot-Curie walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1935. Irène, aliyeanza kazi katika magari ya eksirei akiwa msichana, alifariki mwaka 1956 kwa saratani ya damu. Elementi namba 96, kuri, imepewa jina kwa heshima ya Pierre na Marie.

Mambo ambayo Marie na wenzake walijifunza kwa maumivu sasa ni kanuni za kawaida za kuunda vifaa. Katika maabara kubwa za eksirei, kama SESAME ya Jordan iliyofunguliwa mwaka 2017, jaribio lenye gesi ya sumu au ya kulipuka huanza na maswali yaleyale ya mtaa wa Lhomond: gesi ni kiasi gani, ikivuja itaenda wapi, na nani amesimama karibu. Kwa kawaida hutumika gesi kidogo iwezekanavyo. Chombo chake huwekwa ndani ya kizuizi cha pili. Hewa huvutwa nje daima. Vipima gesi hufunga mkondo vyenyewe. Na mionzi haiwezi kuwashwa kama mlango wa chumba haujafungwa na watu kutoka.

Nchini Tanzania matumizi ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania yenye makao makuu Arusha, na wagonjwa wa saratani hutibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mpiga picha za eksirei katika hospitali yoyote, iwe ya mkoa au ya wilaya kama Lushoto, anatakiwa kusimama nyuma ya ukuta au ngao anapobonyeza swichi, na kuvaa kifuani kipimo kidogo kinachorekodi mionzi iliyomfikia. Marie Curie hakuwa na kipimo kama hicho katika miaka yote ya kazi yake.